Marudio: Sifuri

Kazini walimwita Desimali, naye hakuwahi kulikataa jina hilo. Lilimpata mwaka wake wa pili Benki Kuu, aliporudisha ripoti ya mkuu wake mwenyewe kwa kuwa asilimia tano nukta sita ilikuwa imeandikwa sita. "Nukta nne tu hizo, binti," mkuu alimwambia. Akauliza nukta nne za nini, na hesabu ilipofanywa ikaonekana kwamba nukta nne hizo zilikuwa sawa na shehena nzima ya dizeli. Miaka kumi na saba baadaye alikuwa mkuu wa kitengo cha takwimu za biashara ya nje. Kazi yake ilikuwa moja: kila robo mwaka kusema nchi imeuza nje kiasi gani, na kutia sahihi chini ya alichosema.

Robo hii alikuwa amesema mauzo yamekua kwa asilimia tisa nukta nne.

Kwa miaka kumi na miwili bei ya dola ilikuwa ikipangwa na Benki Kuu, na jengo zima, kuanzia Gavana hadi mpika chai, lilijua kwamba siku za mtindo huo zinahesabika. Mpango wa mageuzi ulisema hivi: mauzo ya nje yakikua robo tatu mfululizo, Benki itaiachia sarafu na bei yake itapangwa na soko, kwa kuwa dola za kutosha zitakuwa njiani kuizuia isianguke vibaya. Robo mbili zilikwisha kupita salama. Ya tatu ilikuwa hii yake. Kamati ya Sera ya Fedha ilipangiwa kukutana Jumatatu saa nne asubuhi, na Jumanne kukipambazuka tangazo litoke.

Jumapili alikwenda kula chakula cha mchana kwa mama yake, kama kila Jumapili.

Alimkuta mdogo wake amekwisha kufika. Huyu alikuwa na kiwanda cha ngozi chenye wafanyakazi thelathini na mmoja, na harufu ya kiwanda ilimfuata hata akioga mara tatu. Mama yao alimwekea kiti chake karibu na dirisha, jua au mvua.

"Kaa hapo hapo mwanangu, upepo utusaidie."

"Harufu ya pesa hiyo, Mama."

"Basi pesa yako ilikufa juzi."

Mdogo mtu alicheka hadi akakohoa, kisha akamgeukia dada yake. "Dada, mjini wote wanasema sarafu inaachiwa wiki hii. Najua huwezi kusema, umekula kiapo. Basi funga jicho moja tu. La kulia, kama ni kweli."

Desimali alimtazama kwa macho yote mawili. "Nipe chumvi," alisema.

"Unaona, Mama? Benki Kuu wanajua kila kitu isipokuwa kucheka." Akamsogezea chumvi. "Mimi ikiachiwa nitachekelea, kila dola yangu itanunua mara mbili. Shida ni kwamba dola zenyewe sina. Robo nzima nimesafirisha makontena mawili. Mawili, Dada. Mwaka juzi wakati kama huu nilikuwa natoa matano."

"Mawili?"

"Mawili. Tena moja lilikaa mpakani siku sita. Makarani wanajaza fomu za karatasi, wakimaliza wanajaza yale yale kwenye kompyuta. Nikawauliza, jamani, mnafanya nini? Wakaniambia wanafanya mageuzi."

Mama alicheka. Desimali hakucheka, kwa sababu maneno ya makarani hayakumfikia. Yeye alikuwa amebaki kwenye yale mawili.

Alikuwa ameona manne. Wasafirishaji wa ngozi nchini hawakuzidi kumi na watano, na jina la kiwanda cha mdogo wake lilikuwamo katika majedwali yake kila robo. Desturi yake ilikuwa kulipita bila kulitazama, kama mtu anavyopita mlango wa bafu ulioachwa wazi. Lakini wiki tatu nyuma jicho lilimteleza, akaona mistari minne. Alifurahi peke yake mezani, bila kuweza kumpongeza, maana kiapo kilikataza. Siku ile alinunua matunda akampelekea mama yao bila kusema sababu.

Sasa kijiko kilikuwa kimesimama mkononi. Tangu mageuzi yaanze, kila kontena lililosajiliwa kwenda nje lilimpa mwenyewe nafuu ya kodi. Mtu anayesajili manne akasafirisha mawili alikuwa na jina katika sheria, na jina hilo lilikuwa na miaka saba jela.

Aliweka kijiko chini. "Nimesahau kitu ofisini."

"Jumapili?" mama aliuliza.

"Mwache, Mama," alisema mdogo wake. "Dola zinalia, zinataka kunyonyeshwa."

Alimtazama jinsi alivyokuwa akitafuna, bila wasiwasi, mafuta kidogo kidevuni. Akajiuliza kama huo ndio uso wa mwizi, akakumbuka kwamba nyuso si ushahidi, akachukua mkoba.

Mlango wa Benki ulikuwa na mlinzi mmoja, mtu wa makamo aliyekuwa na kawaida ya kuandika majina kwa herufi kubwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Saa tisa na dakika tano," alisema huku akiandika. Kisha akashusha sauti. "Mama, mimi sina elimu ya mambo haya. Nauliza tu, mafuta ya kupikia ninunue leo au ningoje mshahara?"

"Sijui," alisema Desimali. Kwa miaka kumi na tisa hilo lilikuwa jibu lake kwa kila aliyeuliza, na kwa miaka kumi na tisa lilikuwa uongo halali.

Ghorofa ya nne haikuwa na mtu. Kiyoyozi kilikuwa kimezimwa na hewa ilinuka zulia. Aliwasha kompyuta, akaandika jina la kiwanda cha mdogo wake, akabonyeza. Saa ya ukutani ilisema tisa na dakika kumi.

Mistari minne ikatokea. Aliisoma polepole, kutoka kushoto kwenda kulia, kama alivyowafundisha vijana wake.

Kontena la kwanza, kilo 18,462. La pili, kilo 17,905. La tatu, kilo 18,462. La nne, kilo 17,905.

Ngozi si matofali. Hazipo shehena mbili za ngozi zenye uzito sawa hadi kilo ya mwisho, sembuse jozi mbili. Akatazama namba za lori: ya kwanza na ya tatu lilikuwa lori moja, ya pili na ya nne lori moja. Akatazama namba za hati. Mbili zilianza kwa herufi, kama fomu za zamani za karatasi. Mbili zilikuwa tarakimu tupu, ndefu, za mfumo mpya wa kompyuta.

Ndipo maneno ya makarani yalipomfikia, kwa kuchelewa kwa saa mbili. Wanajaza karatasi, wakimaliza wanajaza yale yale kwenye kompyuta.

Alivuta pumzi. Mdogo wake hakuwa mwizi. Alikuwa amesafirisha makontena mawili kama alivyosema, na forodha ndiyo iliyoyaandika mara mbili. Furaha hiyo ilidumu pumzi moja. Pumzi ya pili ilikuja na swali: kama karatasi na kompyuta ziliandika kitu kimoja, nani aliyezijumlisha?

Yeye.

Alikumbuka siku yenyewe. Forodha walikuwa wamehama kutoka karatasi kwenda kompyuta katikati ya robo, na kwa wiki tatu waliendesha vyote viwili pamoja. Yeye alipokea mafungu mawili, akayaunganisha, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kubahatisha aliiamuru kompyuta itafute marudio: hati yoyote yenye namba iliyotokea mara mbili iondolewe. Kompyuta ilifikiri nusu dakika ikajibu sifuri. Aliipenda sifuri ile. Aliandika katika ukurasa wa tatu wa ripoti, "Marudio yaliyobainika: 0", akatia sahihi, akaenda kunywa chai.

Hakujiuliza namba za hati zinatoka wapi. Mfumo mpya ulikuwa ukiipa kila hati namba yake mpya, isiyofanana na ya karatasi. Angeweza kutafuta hadi siku ya kiyama na asipate marudio hata moja. Mtu mwingine yeyote angemletea sifuri safi namna ile katika mistari elfu sita, Desimali angemuuliza, "Hii umeioshea wapi?" Yake mwenyewe hakuiuliza.

Akatafuta upya, safari hii kwa uzito na namba ya lori. Jibu lilikuja: jozi 1,127. Thamani yake, dola milioni thelathini na tatu nukta mbili. Akaiondoa katika jumla, akagawanya. Akarudia kwa kalamu kwenye karatasi, maana hakuiamini tena kompyuta wala kichwa chake.

Mauzo ya nje hayakukua kwa asilimia tisa nukta nne. Yalikuwa yamekua kwa moja nukta tatu.

Dola zilizosemwa ziko njiani hazikuwapo njiani. Hata dalili ilikuwapo, naye aliiona: akiba ya fedha za kigeni ilikuwa haipandi. Aliuliza mwezi uliopita, akajibiwa kwamba wafanyabiashara wana siku tisini za kurudisha fedha nyumbani, tulia, zitakuja. Akatulia.

Aliijua sarafu inayoachiwa bila akiba. Baba yao alikuwa na duka la dawa, na mara ya kwanza nchi ilipojaribu, Desimali alikuwa na miaka tisa na kazi yake ilikuwa kubandika vibandiko vya bei. Wiki ya kwanza walibadilisha mara mbili. Wiki ya tatu walibadilisha kila asubuhi, kipya juu ya cha jana, hadi chupa za dawa ya kikohozi zikaota nundu ubavuni. Mtu angekuja asubuhi akauliza bei, akaenda kukopa, akarudi jioni na pesa isiyotosha. Wiki ya sita baba aliacha kubandika, kwa sababu hapakuwa na chupa.

Alikuwa akizima kompyuta alipoona mstari mdogo chini ya kioo, ule ambao kila mfanyakazi huuona kila siku na hausomi: *Utafutaji wako umehifadhiwa.* Mfumo uliandika nani kaingia, saa ngapi, na katafuta nini. Siku ya Jumapili, saa kumi na tisa kabla ya kikao, mkuu wa takwimu alikuwa ameingia peke yake katika jengo tupu, na kitu cha kwanza alichokitafuta kilikuwa kampuni ya ndugu yake wa tumbo moja.

Hofu ya kwanza alikuwa ameimaliza, ya pili alikuwa nayo. Hii ya tatu ilimkalisha tena kitini.

Jumatatu saa moja asubuhi alipita mbele ya duka la kubadilishia fedha lililotazamana na Benki. Mwenye duka alikuwa juu ya ngazi na kitambaa, akifuta tarakimu za bati zilizoning'inia kwenye ubao: 146. Kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kuzibadilisha, ila alizifuta kila asubuhi kama vyombo vya wageni.

"Umewahi leo, mama wa Benki," alisema kutoka juu. "Nizifute au zinakwenda likizo?"

Alimpungia mkono akapita.

Mkurugenzi wa utafiti, mkuu wake, alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. Alisoma karatasi yake mara mbili, akafunika kikombe cha chai kwa kisahani, akakifunua, akakifunika tena.

"Nani anajua?"

"Wewe na mimi."

"Afadhali." Akasimama akafunga mlango. "Sikiliza, mwanangu. Takwimu zote hurekebishwa. Dunia nzima. Robo ijayo tunaweka tanbihi chini ya jedwali, tunasema data za kipindi cha mpito zimehuishwa. Nani husoma tanbihi?"

"Robo ijayo sarafu itakuwa imeanguka."

"Labda. Na labda isianguke. Wewe ni mtabiri siku hizi?"

"Sitabiri. Dola milioni thelathini na tatu hazipo, hilo si utabiri."

Mkurugenzi alikaa. Sauti yake ilipungua ukali, na hilo lilimtisha zaidi. "Ukisema leo, saa tatu kabla ya kikao, wewe ni mhujumu. Ukisema baada ya miezi mitatu, wewe ni mtaalamu. Kosa ni lile lile. Na watakuuliza umegunduaje. Utawaambia nini?"

"Kwamba nilikuwa nakagua."

"Unakagua, ukaanza na kiwanda cha nani?"

Kumbe alikuwa ameshaona. Alikuwa na ruhusa ya kusoma kumbukumbu za utafutaji za idara yake, na alikuwa mtu wa kuzisoma mapema asubuhi, kabla ya chai.

"Hajafanya kosa lolote," alisema Desimali. "Alisafirisha mawili, akasema mawili."

"Najua. Lakini utakula kiapo kueleza mezani kwa mama yako mlizungumza nini. Na yeye ni msafirishaji. Sarafu ikiachiwa anapata, isipoachiwa anakosa. Vyovyote iwavyo wataona mkono wake." Akaisukuma karatasi irudi upande wake wa meza, kwa ncha ya kidole, kama kitu cha moto. "Una dakika kumi pale ndani za kusoma jedwali. Lisome lililopo. Mimi pia nilitia sahihi, usisahau. Mfa maji haoni haya kumshika jirani."

Saa nne kasorobo aliingia ukumbini na majedwali mawili ndani ya jalada moja. La juu lilisema tisa nukta nne. La chini lilisema moja nukta tatu. Wajumbe saba walikuwa wameketi, maji yamemiminwa, na mbele ya Gavana kulikuwa na rasimu ya tangazo la kesho, fupi, nusu ukurasa. Gavana alikuwa mwanamke mwembamba aliyezungumza kwa sauti ndogo ili watu wanyamaze wamsikie.

"Takwimu za biashara," alisema. "Kwa kifupi."

Desimali alisimama. Aliona karatasi ya juu na sahihi yake chini, nzuri, iliyonyooka. Kuisoma kungechukua dakika moja, kisha angekaa. Kisha Jumanne ingekuja, na mlinzi angenunua mafuta yake ya kupikia au asinunue, na mahali fulani mtoto angepewa gamu na vibandiko.

Akaitoa karatasi ya chini. Akaweka nakala mbele ya kila mjumbe, mmoja baada ya mwingine.

"Waheshimiwa, jedwali mlilonalo kwenye makabrasha lina kosa. Kosa ni langu." Akaeleza: wiki tatu za mpito, hati mbili kwa kila lori, namba zisizofanana, sifuri. Alitumia dakika nne. Alipofika kwenye moja nukta tatu, mjumbe mmoja aliweka kalamu chini, na sauti ya kalamu ile ilisikika ukumbi mzima.

Mkurugenzi wake alikuwa akitazama maji kwenye glasi.

"Umegundua lini?" Gavana aliuliza.

"Jana alasiri."

"Umegunduaje?"

Hapa palikuwa na njia mbili, naye alikwisha kuzipima usiku kucha. Uongo ulikuwa wa maneno matatu tu: nilikuwa nakagua tu. Ila uongo huo ungehitaji mwingine wa kueleza kwa nini alianza na kiwanda kile, na huo wa pili ungehitaji wa tatu, na mwishoni mdogo wake angeonekana amefichwa. Mtu anayefichwa huwa na hatia.

"Mdogo wangu ana kiwanda cha ngozi," alisema. "Jana mezani kwa mama yetu alisema robo hii alisafirisha makontena mawili. Kwenye jedwali nilikuwa nimeona manne. Nilidhani amedanganya forodha. Nilikuja kumtafuta yeye, nikakuta kosa langu."

"Alikuuliza habari za sarafu?"

"Ndiyo. Kwa mzaha. Aliniambia nifunge jicho la kulia kama ni kweli."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nilimwomba chumvi."

Hakuna aliyecheka. Gavana aliigeuza ile karatasi uso chini, na ile rasimu ya tangazo akaigeuza pia.

"Acha simu yako hapa," alisema. "Ungoje nje."

Alingoja kwenye korido, kwenye kiti cha plastiki kilichowekewa wageni. Mlango wa ukumbi ulikuwa umevishwa godoro na ngozi ili sauti isitoke, na haikutoka. Alihesabu vigae vya sakafu: ishirini na nne kwa kumi na moja. Saa sita mpika chai aliingia na sinia na kutoka bila kumtazama, naye kwa kawaida alikuwa mwanamke wa salamu ndefu. Saa saba walinzi wawili asiowafahamu walipita wakaenda ghorofa ya nne. Walirudi na kompyuta yake, waya ukiburuzika nyuma kama mkia.

Saa nane kasoro dakika kumi Mkurugenzi alitoka. Tai yake ilikuwa mfukoni. Alikaa kiti cha pili.

"Tangazo limesogezwa mbele. Wametoa taarifa ya mistari miwili, sababu za kiufundi."

"Hadi lini?"

"Hawakuandika tarehe."

"Na mimi?"

"Umesimamishwa hadi uchunguzi uishe. Mimi nimeambiwa nianze likizo yangu ya kustaafu leo." Alisema hivyo bila chuki, kama anayesoma hali ya hewa. "Kiwanda cha ndugu yako kitakaguliwa. Hadi hapo huruhusiwi kuzungumza naye. Si kwa simu, si kwa barua, si kwa kumpitia mama yenu."

"Kwa siku ngapi?"

"Hilo nalo hawakusema."

Alitafuta swali lenye jibu. "Tarakimu wameikubali?"

"Wameikubali. Gavana amesema ulichofanya ni sahihi."

"Ameandika?"

Mkurugenzi alimtazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu kidogo. "Hapana, Desimali. Hajaandika."

Alikabidhi kitambulisho mlangoni. Mlinzi aliichomoa kadi yenye jina lake kwenye kamba, akaandika saa kwa herufi kubwa, na safari hii hakuuliza lolote kuhusu mafuta. Simu alirudishiwa ndani ya bahasha.

Nje, barabarani, watu walikuwa wamesimama mbele ya duka la kubadilishia fedha. Hawakuwa foleni, maana foleni huwa na mwanzo. Walikuwa kama arobaini hivi, wametulia, wengine na mifuko ya plastiki waliyoikumbatia kifuani. Taarifa ya mistari miwili ilikuwa imesomwa redioni nusu saa nyuma, na neno "kiufundi" lilikuwa limefanya kazi ambayo neno hilo hufanya. Mwenye duka alikuwa juu ya ngazi yake. Tarakimu za bati alikuwa amezitungua zote, amezibana kwapani. Kwenye ubao, pale ziliponing'inia miaka kumi na miwili, mbao ilikuwa nyeupe kuliko kwingine, kwa hiyo bei ya zamani bado ilisomeka, ila sasa kama kivuli.

Simu ililia ndani ya bahasha. Aliitoa. Ulikuwa ujumbe wa mdogo wake, wa kumi na moja tangu asubuhi.

*Dada, wanasema ubao umeachwa tupu. Mnunuzi anataka jibu la shehena leo. Niuze au ningoje? Hata jicho moja tu.*

Kidole chake kilisimama juu ya herufi. Akijibu "uza", ni kuvujisha siri. Akijibu "ngoja", ni hivyo hivyo. Akijibu kwamba haruhusiwi kujibu, hilo lenyewe ni jibu, na mtu wa biashara angelisoma. Wafanyakazi thelathini na mmoja. Aliirudisha simu ndani ya bahasha ikiwa bado inawaka, akaikunja bahasha mara mbili.

"Mama wa Benki!" Mwenye duka alikuwa amemwona. Vichwa arobaini viligeuka. "Wewe unatoka humo ndani. Nitundike ngapi?"

Watu walimpisha kidogo, kama wanaompisha daktari. Mwanamke mmoja mwenye mfuko kifuani alimsogelea hadi akasikia pumzi yake.

"Sijui," alisema Desimali.

Hawakumwamini. Aliona hivyo usoni mwao, na hakuwa na namna ya kuwaeleza kwamba kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa jibu lile lilikuwa kamili hadi nukta ya mwisho. Mwenye duka alingoja kidogo zaidi, kisha akaanza kushuka ngazi, mguu mmoja baada ya mwingine, bati zikigongana kwapani.